Tulimwita Silas

Tulikuwa Kidato cha Pili tulipotazama The Da Vinci Code, Jumamosi usiku kwenye ukumbi wa shule. Kufikia Jumatatu, mwenzetu mmoja mwenye ualbino alikuwa na jina jipya: Silas. Sikumbuki aliyelianzisha. Nakumbuka tu kwamba mimi nililitumia hadi tukamaliza Kidato cha Nne.

Filamu hiyo ya Ron Howard ya 2006, iliyotokana na riwaya ya Dan Brown, inaanza na mauaji ndani ya jumba la Louvre, Paris. Muuaji ni Silas, mtawa mwenye ualbino anayeua akiamini anamtumikia Mungu. Anaigizwa na Paul Bettany, ambaye hana ualbino. Weupe ule ni wa kupakwa.

Silas wa filamu anamfukuza mzee kwenye kiza na kumpiga risasi. Silas wetu alikaa deski ya mbele kabisa na bado alininong'oneza, "Hapo mwalimu ameandika nini?" Mimi ndiye niliyemsomea ubao. Yaani nilijua uongo wa filamu ulipo, na bado nikamwita Silas.

Je, ni kosa kumfanya mtu mwenye ualbino mhalifu? Juzi rafiki yangu aliniambia, "Usawa ni usawa, bro. Ukitaka waonekane kwenye muvi, kubali wawe wabaya pia. Kuwapa nafasi za malaika tu pia ni ubaguzi." Hoja hiyo ina uzito.

Lakini itazame filamu yenyewe. Opus Dei walilalamika kwamba imewachafua. Hata hivyo, Wakatoliki wana sura kadhaa mle ndani: kuna askofu mwenye njama, kuna sista anayeuawa, na kuna Fache, afisa wa polisi ambaye ni muumini wa Opus Dei na anakuja kugundua kuwa ametumiwa. Ukitoka pale umewachukia mapadri, wiki ijayo utakutana na padri anayemzika mjomba wako, na moyo utalainika. Ualbino ulipewa sura moja tu. Chama cha watu wenye ualbino cha Marekani, NOAH, kililalamika pia.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino Kenya nzima. Wakenya wengi hawana jirani hata mmoja wa kuwasahihisha, kwa hiyo picha moja inasimama badala ya watu wote. Na inaangukia kwenye eneo hili letu, ambako watu wamewindwa na kukatwa viungo kwa sababu mtu fulani aliamini viungo hivyo huleta utajiri. Anayeonekana kama kiumbe wa ajabu ni rahisi kuwindwa.

Basi hiyo ndiyo hoja yangu, na naamini inasimama. Shida ni kwamba hainiokoi mimi. Sikukosa jirani. Nilikuwa naye deski moja, bega kwa bega. Filamu ilinipa jina. Kulitumia zaidi ya miaka miwili ilikuwa kazi yangu mwenyewe.

Siku ya mwisho tulikuwa tunaandikiana kwenye madaftari: kumbukumbu, utani, namba za simu. Yeye kwenye langu aliandika majina yake matatu kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini. Hakuongeza neno.

Wakati huo nilidhani ni mbwembwe.