Alama ya Damu na Mtu Mmoja

Mwaka 2020, huko Wuhan katika nchi ya China, madaktari walichunguza habari za watu wazima 191 walioletwa hospitali mbili kwa ugonjwa wa korona, ushikao mapafu. Katika hao 54 walikufa. Ikaonekana ya kuwa damu ilitoa habari mapema: mabaki ya damu iliyoganda kisha kuyeyuka, yaitwayo D-dima, yakizidi mikrogramu 1 katika mililita moja siku ya kuingia, hatari ya kufa ilikuwa kubwa sana.

Basi twauliza: mwaka ule vitanda na oksijeni vilikuwa haba mahali pengi, je, ni haki kumnyima mtu kwa ajili ya alama hiyo? Wako wasemao ni haki, dawa isipotee bure. Wala hatuwadharau, maana achaguaye kati ya wawili ana mzigo mzito. Lakini na tuitazame hesabu yenyewe. Waliokutwa na alama hiyo walikuwa 72. Wakafa 44, na 28 wakarudi makwao. Siku ya kwanza, ni nani angaliweza kuwatenga hao 28 na wenzao? Damu yao ilisema neno lile lile.