Kosa Lililo Karibu na Mkono

Kitu ambacho mtu amekiunda kwa mikono yake hukipenda kama mzazi ampendavyo mwanawe. Mapenzi hayo ni mema, maana bila ya hayo hapana kazi iliyo bora. Lakini yana hatari moja, nayo ni kumpofusha muundaji asilione kosa lake. Kitu kikiharibika, jicho lake huenda mbali kabla ya kutazama karibu. Hulaumu chombo, hulaumu duka, hulaumu mwenziwe. Na akiishiwa na watu wa kulaumu ndipo autazamapo mkono wake. Wahenga waliliona jambo hili waliposema kwamba nyani haoni kundule. Basi swali lililo mbele ya kila mwenye kazi ni hili: Je, kutafuta kosa ni ujuzi wa ufundi tu, au ni sehemu ya uadilifu?

Ichukuliwe habari ya kijana mmoja, fundi wa Ngarenaro katika jiji la Arusha. Kwaya ya kijiji kimoja cha mteremko wa Mlima Meru, penye migomba na mibuni juu ya Usa River, ilimwomba aiundie amplifaya, kwa kuwa zile za dukani zilishinda uwezo wake. Wanakwaya walichanga fedha kidogo kidogo, wakampa. Kijana alitoa transfoma katika redio kuukuu, akanunua daiodi nne, kapasita kubwa, na kile kipande cheusi chenye miguu mitano ambacho mafundi hukijua kwa jina la TDA2030. Akavipanga juu ya bodi, akavichomea kwa risasi, akavitia katika sanduku la mbao. Alipowasha, sauti ilitoka. Lakini nyuma ya sauti palikuwa na mvumo mzito usiokoma, kama wa nyuki ndani ya mzinga.

Kijana hakupima. Alisema kapasita ni ya bandia, akaibadili; mvumo ukabaki. Akasema kile kipande cheusi ni kibovu, akakibadili, mvumo ukabaki. Akasema umeme wa mjini si safi. Kwa vitu vile alivyovinunua mara ya pili aliwatoza wanakwaya fedha nyingine, akawaambia kwamba mwenye duka ndiye aliyewadhulumu. Hakusema uongo kwa kusudi. Alisema asilolijua kana kwamba analijua. Lakini mtu aliyelaumiwa bila ya haki hapati nafuu kwa kuambiwa kwamba mlaumu wake hakukusudia.

Siku ya kwaya kuimba ilipokaribia, kijana alilichukua sanduku lake kwa fundi mzee aliyetengeneza redio tangu ujana wake. Alimwamkia shikamoo, akamweleza taabu yake pamoja na lawama zake zote. Mzee hakushika chuma cha kuchomea. Alikaa, akasikiliza.

Umeme wa Tanzania huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na ukipita katika daiodi nne hutoka kwa mapigo 100 kwa sekunde. Kwa hiyo mvumo wa mapigo 100 aghalabu huishitaki kapasita iliyoshindwa kuyalainisha. Na mvumo ulio chini zaidi, ule wa 50, aghalabu huushitaki waya wa kuingizia sauti, uliokosa kinga ukadaka umeme wa nyumba. Mvumo wa kijana ulikuwa wa chini. Sikio peke yake lilikwisha kuanza kumtetea mwenye duka.

Kisha mzee alitwaa kipande kifupi cha waya, akaiunganisha njia ya sauti na ardhi ya saketi pale inapoingilia katika bodi. Mvumo ukakoma. Kwa tendo hilo moja bodi nzima, pamoja na kapasita na kile kipande cheusi, ilitoka hatiani. Akauondoa waya wake, akafanya vivyo hivyo mwanzoni mwa njia, kwenye tundu la kuchomekea maikrofoni. Mvumo ulikuwapo vilevile.

"Mwanangu," alisema, "kosa liko kati ya hapa na hapa."

Kati ya hapa na hapa palikuwa na waya wa urefu wa shubiri moja. Mzee aliuvuta taratibu, na zile nyuzi zake za nje, zilizopasa kushikamana na ardhi ya saketi, zikatoka bila ya nguvu. Risasi yake ilikuwa imefifia, haina mng'ao. Iliyeyushwa juu ya chuma ambacho hakijapata moto wa kutosha, ikakaa bila ya kushika. Ulikuwa mchomo wa kijana mwenyewe.

Kuuchomea upya hakukuchukua hata dakika tano. Kazi iliyobaki ndiyo iliyokuwa ngumu: kupanda mlimani, kuwaambia wanakwaya kweli, kuwarudishia fedha zao, na kumwondolea mwenye duka lawama. Kijana aliona haya. Alimwuliza mzee kama haitoshi kwamba amplifaya sasa ni nzima. Mzee alimjibu kwamba amplifaya ni nzima, lakini jina la mtu bado ni bovu huko Meru, na aliyeliharibu ndiye awezaye kulitengeneza. Kijana alikwenda.

Yaweza kusemwa kwamba bidhaa za bandia zipo, na kwamba umeme hupanda na kushuka. Je, fundi ajilaumu kwa kila jambo? Hasha. Kujilaumu bila ya kupima ni upofu uleule, umegeuzwa upande tu. Mzee hakuanza kwa kumhukumu kijana. Aliigawa njia, akaiuliza kila sehemu, na kipimo chake kingaliweza kumtia hatiani mwenye duka kama kweli ingalikuwa huko. Wajibu wa mtu si kuamini kwamba kosa ni lake. Wajibu wake ni kutojiondoa miongoni mwa washitakiwa kabla ya kupima.

Amplifaya yenyewe ina funzo katika jambo hili. Tarehe 2 Agosti 1927, mhandisi wa Marekani aitwaye Harold Black, akiwa katika feri akivuka mto Hudson kwenda kazini New York, aliandika wazo lake juu ya ukurasa wa gazeti. Wazo lilikuwa hili: sehemu ya kile kitokacho katika amplifaya irudishwe mwanzoni ikiwa imegeuzwa, ipambanishwe na kile kiingiacho, ili upotovu upunguzwe. Chombo kilichofanywa hivyo hupoteza sehemu ya nguvu zake, lakini hupata uaminifu. Hali ya binadamu si mbali na hiyo. Akubaliye kurudishiwa matokeo ya tendo lake hupungukiwa na fahari, na neno lake huzidi kuaminika.

Arusha ndiyo iliyolipa jina Azimio la mwaka 1967, ambalo lililifanya neno kujitegemea kuwa la kila siku. Wengi hudhani kwamba kujitegemea ni kujiundia vitu tu. Lakini mwaka 1977 Julius Nyerere alitoa maandishi ya kulipima Azimio baada ya miaka kumi. Alitaja yaliyofanikiwa, akakiri pia kwamba nchi haijawa ya kijamaa wala ya kujitegemea, wala hakuyaficha makosa ya Watanzania wenyewe. Mtu aweza kuikubali siasa ile au kuikataa. Kukiri kule kulikuwa sehemu ya kujitegemea kwenyewe.

Maana aundaye kitu asiweze kulitafuta kosa lake bado ni mtegemezi: humtegemea mwingine amwambie kweli, au humtegemea mwingine abebe lawama. Kutafuta kosa, basi, ni ufundi kwa njia yake na ni uadilifu kwa mwisho wake. Mita huonyesha mahali pa kosa. Kulitaja mbele ya waliodhurika ni kazi ya moyo.