Ile picha niliyoshindwa kuitia namba

Kila mwisho wa mwaka nafungua daftari langu la sinema nahesabu. Ni daftari la skuli tu, na kila picha niliyoitizama naiandikia namba, jina, mahali nilipoitizamia na maneno mawili matatu. Mwaka huu nimefika 38. Kwa mtu wa Mji Mkongwe si haba, maana ukumbi wa kwendea ndo hatuna. Royal ya mwaka 1921 iliungua, ikajengwa upya 1955 kwa jina la Majestic, na Majestic yenyewe ukipita Vuga leo unaona kuta tu na kumbukumbu za watu wazima. Siku za tamasha la ZIFF tunajazana Ngome Kongwe, upepo wa Forodhani unatuletea moshi wa mishikaki, na kwa siku chache tunajidai watu wa sinema. Siku nyengine zote ni kompyuta ya mezani, flashi ya kuazima, na simu.

Ilonikaa zaidi ni namba 6, Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, kutoka riwaya ya Shafi Adam Shafi. Hii ilikuwa mara yangu ya pili. Mara ya kwanza niliitizama kimbea, kama tufanyavyo sote picha ikipigwa kwetu: uchochoro ule ni wapi, buibui lile lilivaliwa hivyo kweli? Mara ya pili nikatulia. Yasmin anakimbia ndoa ya mzee, Denge anapambana na Mwingereza, na mapenzi yao yanapita mipaka ambayo kila mtu mtaani ameichora kwa kidole chake. Picha ni ya miaka ya hamsini. Januari 1964 haimo. Lakini mtizamaji wa Unguja hana njia ya kuiacha mlangoni. Anaingia nayo, anakaa nayo, na kila kijana anapocheka kwenye kioo anajiuliza: huyu naye alifika wapi?

Kuna nne nilizizima katikati, za ngumi na magari, sina la kusema juu yao.

Sasa nije kwenye ile isiyo na namba.

Ilikuja siku mbili baada ya Sikukuu ya Mapinduzi, kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Aliyeituma ni ami yangu aliyeko Maskati, bila ya neno, mikono miwili tu ya kuomba dua. Dakika chache. Kamera iko angani. Chini kuna minazi, kuna mistari ya watu wenye nguo nyeupe, kuna ufukwe, halafu kuna watu waliolala ambao hawakulala. Wengi mnaijua. Imekatwa kutoka Africa Addio, filamu ya Wataliana wawili, Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, iliyotoka 1966, na kila Januari inazunguka simu kwa simu kama uradi.

Nitasema kweli. Niliitizama mara tatu. Ya kwanza kwa mshtuko. Ya pili nikitafuta mahali, labda nitaujua mti, labda nitaijua njia. Ya tatu sikuwa na sababu. Nilitaka kuona tu. Kisha nikamtumia rafiki yangu mmoja wa Bara ambaye hata hakuniuliza, naye akanijibu kwa uso wa kulia, tukaendelea kuzungumza habari za mpira. Hilo ndo lililoninyima usingizi, kuliko picha yenyewe.

Wiki ile ile nikakutana na mtoto wa ami yule, ambaye yeye yuko hapa hapa, kwenye kahawa ya Jaws Kona (mnajua, pale palipobatizwa kwa jina la filamu ya papa, hata vijiwe vyetu vina deni la sinema). Nikamwambia: mie naona haifai kuitizama ile. Tena waliopiga hawakuja kwa ajili yetu. Jina lenyewe ni kuiaga Afrika, na hoja ya filamu nzima ni kwamba Mzungu akiondoka Mwafrika hubaki na panga. Juu ya vifo vile wametandaza muziki mtamu wa Riz Ortolani. Na kwao Italia Jacopetti alituhumiwa kwamba mauaji ya Kongo yaliyomo mle yalipangwa ili kamera iyapate. Aliachiwa, lakini mtu wa kutuhumiwa hivyo si wa kumwachia maiti wako.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ndugu yangu, bila ya yule Mtaliana wangetwambia tumeota."

Sikuwa na jawabu. Shahidi mwenye nia mbaya bado ni shahidi. Kwetu yale mambo hayakusomeshwa, au yalisomeshwa upande mmoja. Idadi ya waliokufa watu wanaibishania mpaka leo, na kuna nyumba ambazo jambo lenyewe linaitwa "ile siku" na mlango unafungwa. Katika kimya kama hicho, dakika chache za adui zina thamani kuliko miaka sitini ya adabu. Ndivyo alivyoona yeye, na sidhani kama alikosea.

Lakini mie nimelelewa nyumba moja na mjomba ambaye ni mwosha. Nakumbuka anavyojitayarisha: wanaoingia chumbani ni wale wenye kazi tu, maiti anafunikwa, mkono wa mwosha umevishwa kitambaa unapita chini ya shuka, na alichokiona mle hakitoki naye. Ukimuuliza, anakutizama kama umemtukana mama yake. Tunasema mwosha naye huoshwa, na watu hulichukulia kama onyo. Mie nalisikia kama haki ya kuona inavyopatikana: anayeona ni yule ambaye kesho atalala pale pale, chini ya mkono wa mwengine. Yule aliye ndani ya ndege hakuwa na maji wala sanda. Aliruka akaenda zake. Na mie niliyeitizama mara ya tatu kitandani, nilikuwa na nini mkononi? Simu.

Nilidhani hapo nimemaliza. Kumbe kuna shimo. Sitara hii hii ndo inayotumiwa na wanaotaka tunyamaze. Wanasema tusifukue, ni aibu, tuwasitiri marehemu. Hapa nilizunguka miezi, na nilipofika ni hapa: sitara ni ya maiti, si ya aliyemuua. Mwosha hasemi habari za mwili, lakini mwosha huyo huyo akikuta jeraha la kisu, akaulizwa na kadhi, atasema. Kwa hiyo kuna kuona kwa ajili ya kusema na kuna kuona kwa ajili ya kuona, na video ni ile ile. Ami yangu Maskati aliituma kwa ajili ya kusema. Sina shaka, maana alimpoteza kaka mkubwa. Ilipofika kwa rafiki yangu wa mpira ilishageuka kitu chengine, na aliyeigeuza ni mie.

Mwezi wa sita ndo nikaona namba 23, The Missing Picture ya Rithy Panh, Mkambodia, ya mwaka 2013. Khmer Rouge walimmalizia jamaa zake akiwa mtoto, na picha za yale aliyoyaona hakuna aliyezipiga, isipokuwa filamu za propaganda za wauaji wenyewe. Basi akafanyiza watu wa udongo. Vinyago vidogo, vimepakwa rangi kwa mkono, baba na shati lake, mama, ndugu. Nimeona damu nyingi kwenye kioo mwaka huu na sikulia. Nililia kwa kinyago kisichoweza hata kufumba jicho. Na Claude Lanzmann, katika Shoah ya 1985, saa tisa na zaidi, hakutia hata picha moja ya zamani ya maiti. Anawahoji watu, anaonesha nyasi zilipoota. Wote wawili walikuwa na wafu wengi kuliko sisi na wakaona wawarudishe kwa njia nyengine, kwa jina, kwa sauti, kwa shati. Kutoka angani hakuna shati. Kuna madoa meupe.

Nilimwambia bibi habari za ile video, sikumwonesha. Alikuwa anachambua mchele. Akauliza, "Wana nyuso?" Nikamwambia hapana, imepigwa kutoka juu. Akasema, "Basi hujawaona," akaendelea na mchele wake.

Namba 38, ya mwisho ya mwaka, niliitizama naye: Awaara ya Raj Kapoor, ya 1951. Yeye aliiona utotoni, siku za maonyesho ya wanawake peke yao, amebanwa katikati ya mama yake na shangazi zake, na Kihindi hajui lakini nyimbo zote anazo. Niliiunganisha na televisheni ya ukumbini. Ile sehemu ya ndoto, mawingu na ngazi, akaweka kikombe chini. Akataja jina la mvulana, mtoto wa jirani yao. Sitaliandika hapa. Akasema huyo ndo alokuwa akitumwa kupanga foleni kuwakatia tiketi, na akirudi hupiga mluzi wa Raj Kapoor toka kichochoroni ili wajue zimepatikana, shati lake la buluu limemtoka nje ya suruali siku zote, mama yake akimsema hasikii.

Nikamuuliza, ikawaje bibi?

"Tizama picha," akasema.