Pishi Moja kwa Siku

Masomo: Kutoka 16:13-21, Danieli 1:3-16, Isaya 58:6-7



Kutoka hapa Luzira, kando ya ziwa, tunawasalimu ninyi nyote: mlio katika kambi za Nakivale, Kyaka na Rwamwanja, na ninyi mnaopanga vyumba pamoja nasi mjini Kampala. Katika toleo hili tunasema juu ya jambo ambalo mimbarani halisemwi sana: unene unaopita kiasi, na namna ya kula itakayotusaidia kupunguza uzito bila kurudi tulikotoka.

Wengine watauliza: Je, mkimbizi naye anafundishwa kupunguza kula? Swali hilo ni la haki. Mwaka 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi hapa Uganda hadi asilimia 70, na mwaka 2021 likaufikisha asilimia 60. Zipo nyumba ambazo sufuria haijai. Hatusemi na nyumba hizo leo, isipokuwa mwisho wa somo hili, pale tutakaposema juu ya kugawana.

Lakini katika kanisa letu wapo pia mama na baba ambao magoti yanauma kwa uzito, ambao presha imepanda, ambao daktari amewaambia kwamba sukari imeingia katika damu. Na mara nyingi katika chumba kimoja yupo mtoto aliyekonda na mzazi aliyenenepa. Hilo lisitushangaze. Chakula cha bei rahisi mjini ni ugali, chapati, mandazi na chai ya sukari nyingi. Kinashibisha tumbo, lakini hakijengi mwili vizuri. Tena shambani tulilima na kubeba mizigo. Huku tunakaa kutwa tukishona, au tukiuza vitenge na shanga.

1. HOFU YA KESHO

Wana wa Israeli walipotoka Misri walikuwa watu wa njiani kama sisi. Mungu akawapa mana, akaagiza kila mtu aokote kadiri ya ulaji wake, pishi moja kwa kila kichwa kwa siku. Wengine waliiweka hata asubuhi, nayo ikaingia mabuu na kunuka.

Kwa nini waliiweka? Si wote walikuwa walafi. Walikuwa watu waliojua njaa, na mtu aliyejua njaa haamini kesho. Sisi tunawaelewa. Tuliopita porini siku nyingi bila kitu tulijifunza somo moja: kikiwapo, kula chote. Somo hilo lilitusaidia kuishi wakati ule. Lakini leo, mama anapomaliza mabaki ya kila mtoto ili kisitupwe hata kijiko, na baba anapokula mpaka mkanda unabana kwa sababu leo kipo, mwili unafanya yale yale ya mana iliyowekwa. Unaweka akiba ambayo kesho haiitumii, na akiba hiyo inageuka ugonjwa.

Kwa hiyo kula kwa kiasi si jambo la urembo. Ni kukiri kwamba Mungu wa leo ndiye Mungu wa kesho. Tunapoomba riziki ya siku, tunaomba kipimo pia. Angalieni tena kwamba mana haikuwa ya juma moja tu. Waliila miaka 40, na kipimo cha siku kilikuwa kile kile.

2. HOFU YA KUKONDA

Iko hofu nyingine ambayo hapa Uganda ina historia yake. Mwaka 1985 madaktari waliandika katika jarida la kitabibu la Lancet juu ya ugonjwa mpya uliokuwa ukiua watu wa Rakai. Watu wenyewe waliuita Slim, kwa maana ulimkondesha mtu mpaka akaisha. Ndio tunaoujua leo kuwa UKIMWI. Tangu hapo mtu akipungua kidogo, majirani wananong'ona. Na kwetu pia, ndugu akinenepa tunasema amepata amani. Akikonda tunauliza ana shida gani.

Ndiyo maana wako dada wanaoogopa kupunguza uzito, hata daktari anapowashauri. Wapendwa, unene si cheti cha afya, na wembamba si hukumu. Mwenye virusi anayetumia dawa zake vizuri anaweza kuwa na mwili mzuri na kuishi miaka mingi. Mnene anaweza kuwa na kisukari bila kujua. Kinachosema kweli ni kipimo cha hospitali, si macho ya jirani. Lakini mtu akikonda bila yeye mwenyewe kukusudia, aende kituo cha afya upesi. Kifua kikuu huanza hivyo, na hata kisukari chenyewe.

3. DANIELI ALIPANGA JAMBO LINALOWEZEKANA

Danieli, Hanania, Mishaeli na Azaria walikuwa vijana waliohamishwa kwa nguvu mpaka Babeli. Waliwekewa chakula cha mfalme na divai. Danieli akaazimu moyoni asijitie unajisi, akaomba wapewe vyakula vya mimea na maji kwa siku kumi.

Watu wengi huchukua hizo siku kumi wakazigeuza dawa ya kukondesha. Tusome vizuri. Baada ya siku kumi Biblia inasema walionekana wazuri na wenye mwili kuliko wenzao. Danieli hakutafuta kukonda, alitafuta uaminifu. Lakini namna yake inatufundisha mambo matatu.

La kwanza, aliomba kwa heshima. Hakumtukana msimamizi wala kukidharau chakula mbele ya watu. Nasi tukikaribishwa ugenini, hatuna haja ya kukataa na kumhuzunisha mwenye nyumba. Tuseme, "Asante, mama, ninaomba kidogo tu," tukae, tule pamoja, tuzungumze. Upendo haupimwi kwa wingi wa ugali.

La pili, alianza na jaribio dogo ambalo lingeweza kupimwa. La tatu, na hili ndilo kubwa, siku kumi zilipokwisha hakurudi katika meza ya mfalme. Msimamizi aliendelea kuwapa vyakula vile vile, na mafunzo yao yalipangwa kwa miaka mitatu. Hapa ndipo wengi wetu tunapoangukia. Tunashinda na njaa juma moja, tunapungua kilo tatu, kisha tunarudia ya zamani, na uzito unarudi na nyongeza. Kama huwezi kula namna hiyo mwaka ujao, usianze nayo leo.

4. TUFANYE NINI NYUMBANI?

Tuanze na sukari. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayopata katika chakula, na ni vema zaidi ikishuka hadi gramu 25 hivi kwa siku, yaani vijiko sita vya chai. Anayeweka vijiko vinne katika kikombe, mara tatu kwa siku, amefikia kumi na viwili kabla ya kugusa soda. Na chupa moja ndogo ya soda ina gramu 30 hivi. Punguza kijiko kimoja, zoea majuma mawili, punguza kingine. Ulimi hujifunza.

Pili, mafuta. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, yawe ya mawese au ya alizeti. Tuache kumimina kutoka kwenye chupa. Tupime kwa kijiko. Sombe itabaki sombe.

Tatu, sahani. Nusu iwe mboga na matunda, robo iwe ugali, wali, matoke au mihogo, robo iwe maharage au samaki. Hakuna haja ya chakula cha kigeni. Lengalenga zetu ndizo wanazoziita dodo sokoni hapa. Mukene wa ziwa hili wanafanana na ndagala wa Tanganyika na sambaza wa Kivu. Wanajenga mwili na hawana bei ya nyama. Kila mtu apakuliwe chake, kwa maana katika sinia moja mwenye haraka hula zaidi na mtoto mdogo hukosa.

Nne, miguu. Dakika 30 za kutembea kwa haraka, siku tano za juma, ndizo dakika 150 ambazo wataalamu wanashauri kwa mtu mzima. Kutoka Kitintale kushuka mpaka Port Bell si lazima kila mara tupande boda.

Tano, subira. Nusu kilo kwa juma inatosha. Kilo moja ni nyingi.

5. TAHADHARI

Mtoto anayekua, mama mjamzito na mama anyonyeshaye wasipunguziwe chakula. Wazee wanaokonda wasihesabiwe hapa. Anayetumia dawa za kisukari au presha asibadilishe ulaji wake ghafla, wala asifunge, kabla ya kuzungumza na daktari.

Tena tusichanganye kufunga na kupunguza uzito. Kufunga ni maombi. Anayefunga ili kiuno kipungue, kisha jioni akala kwa watu watatu, hajapata maombi wala kiuno. Isaya 58 inatuonyesha saumu anayoipenda Bwana: kufungua vifungo vya uovu, kumgawia mwenye njaa mkate wetu, kumkaribisha asiye na makao.

Hapo tunarudi kwa zile nyumba ambazo sufuria haijai. Kutoka inatuambia kwamba walipoipima mana, aliyeokota nyingi hakuzidi, na aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Tunayapenda maneno haya, nasi tunaweza kuyatenda. Fedha ya soda na mandazi ya juma zima, mwisho wa juma iwe kilo ya maharage kwa mlango wa jirani. Kwa namna hiyo anayehitaji kupungua atapungua, na anayehitaji kuongezeka ataongezeka, na Bwana atatukuzwa katika nyumba zote mbili.

Tuombe: Bwana, ulitulisha njiani tulipokuwa hatuna kitu. Utuondolee hofu ya kesho mezani petu. Utupe kipimo cha leo, na macho ya kumwona jirani. Katika jina la Yesu. Amina.

Maswali ya kuzungumza katika familia:
1. Ni chakula gani tunachokula kwa hofu, si kwa njaa?
2. Ni badiliko gani moja dogo ambalo nyumba yetu inaweza kulishika mwaka mzima?
3. Ni jirani gani sufuria yake haijai juma hili?