Swali la Daktari

"Unakunywa pombe?" Anayeanza kutumia warfarin hana budi kuulizwa hivyo. Ndugu mmoja wa darasa langu la shule ya Sabato alijibu, "Hapana."

Maambukizi ya koo ya utotoni, ambayo hayakutibiwa, yalikuwa yameharibu moyo wake, akawekewa valvu ya chuma. Kwa mtu kama huyo warfarin ni dawa ya maisha. Bila hiyo damu huganda kwenye valvu, na bonge likifika ubongoni hupooza au kufa. Lakini jibu lake halikuwa kweli. Kila mwisho wa mwezi alikunywa, mbali na mtaa wake. Tatizo ni kwamba nesi aliyeandika majibu alikuwa mshiriki wa kanisa letu.

Dawa hii haina mchezo. Iliuzwa kwanza kama sumu ya panya mwaka 1948, ndipo mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa wanadamu. Kinachotenganisha sumu na tiba hapa ni kiasi tu. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara, kwa kipimo kiitwacho INR. Kwa wengi hutakiwa iwe kati ya 2 na 3, kwa baadhi ya wenye valvu za chuma juu kidogo. Pombe huvuruga mizani hiyo pande zote mbili. Ukinywa nyingi kwa mara moja, ini huchelewa kuiondoa dawa mwilini na damu huwa nyepesi kupita kiasi. Ukinywa sana kwa miaka, ini laweza kuiondoa haraka mno. Tena pombe huchubua tumbo na huangusha watu. Mtumiaji wa warfarin akigonga kichwa aweza kuvuja damu ndani bila jeraha lolote nje.

Daktari aliona vipimo vikipanda na kushuka. Akauliza habari za mchicha na mboga nyingine za majani, maana nazo hugusa dawa hii, kisha akabadilisha dozi. Akabadilisha tena. Alikuwa akimtibu mtu asiyekuwepo. Siku ndugu yule alipotapika damu, ndipo akasema kweli. Akaeleza pia kwamba siku za kunywa aliruka kidonge, akidhani anajilinda. Kumbe alikuwa akiiachia valvu yake nafasi ya kuganda damu.

Nani alikosa? Alikosa yeye, na sitafuta neno hilo. Mwili ni hekalu (1 Wakorintho 6:19), nami bado nafundisha kwamba pombe si ya kwetu. Ila uongo wake ungeweza kumuua upesi kuliko chupa, na uongo ule hakuusema kwa kumwogopa daktari. Alituogopa sisi.

Soma Yakobo 5:16. Kwa nini mtume anaunganisha kuungama na kuponywa?

Mzee mmoja wa kanisa aliniambia kwamba tukilegeza, watu watakunywa bila hofu. Nimelipima neno hilo sana. Lakini hofu haikumzuia ndugu yetu kunywa. Ilimzuia kusema tu. Wala sisemi marudi yafutwe. Nasema kinachosemwa kliniki kibaki kliniki, na nesi Mwadventista asikibebe mpaka kwenye baraza la kanisa, hata kwa nia njema. Na anayekunywa kila siku amwambie daktari kabla ya kuacha ghafla, kwa sababu hilo nalo lina hatari yake.

Nilimtembelea wodini. Tuliomba, tukazungumza habari za watoto. Nilipoinuka kuondoka akaniuliza, "Mwalimu, kama ningekwambia wewe, ungefanyaje?"

Sikumjibu. Mwaka ule nilikuwa mjumbe wa baraza, na nilijua ningefanya nini.