Aliyejenga Mlango Anapita Wapi?

Ng'ambo ya ziwa letu, katika kaunti ya Migori nchini Kenya, yapo maboma ya mawe yaitwayo Thimlich Ohinga. Wataalamu husema huenda yalianza kujengwa karne ya 16. Mawe yamepangwa tu, bila saruji wala udongo wa kuyashika, na bado kuta zimesimama, nyingine zikifika mita 4 hivi kwenda juu. Mwaka 2018 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wengi husifia kuta. Mimi kinachonisumbua ni milango. Ni mifupi na myembamba: mtu mzima huinama ndipo apite, tena mmoja mmoja.

Sababu inajulikana. Adui hawezi kuingia kwa kishindo. Atatanguliza kichwa, na ndani yupo mlinzi anamngoja. Haya, hapo sina ubishi. Lakini hebu tujiulize, ndugu msomaji: ni haki kumwinamisha kila ajaye, na mgeni mwema akiwemo, kwa sababu ya adui ambaye hata hajafika?

Wapo watakaonijibu haraka kwamba kuinama ni adabu. Kule Bethlehemu, Kanisa la Kuzaliwa kwa Yesu lina mlango wa kimo cha mita 1.2 hivi, na watu huuita Mlango wa Unyenyekevu. Jina tamu hilo! Lakini husimuliwa kwamba ulifupishwa ili watu wasiingie na farasi wao. Ilianza hofu, maadili yakafuata nyuma. Ndivyo tulivyo binadamu: tukishaogopa, tunaitafutia hofu yetu jina la heshima.

Hata hivyo, wajenzi wa Thimlich siwalaumu. Nao waliinama. Mwenye boma aliinama, wake na watoto wakainama. Hofu ilikuwa ya wote, na gharama yake wakailipa wote.

Sasa njoo Mwanza. Pita mitaa ya wenye nazo, utaona mageti mapana ya chuma, na kwenye geti kimekatwa kilango. Honi ikilia, geti zima linafunguka, bosi anapita kakaa wima garini. Shangazi yangu, aliyekuwa akinunua dagaa Mwaloni, Kirumba, na kuwatembeza nyumba kwa nyumba, alipita kilangoni. Atue beseni, ajikunje, alivute ndani, ajitwishe upya. Miaka nenda miaka rudi. Kuna nyumba mlinzi alimzoea hata akawa anamwita mama, ila geti hakuwahi kumfungulia. Amri ya wenyewe, ati usalama. Usalama dhidi ya nani, jamani? Shangazi na dagaa wake?

Basi kipimo changu si upana wa mlango. Nauliza tu: aliyeujenga anapita wapi? Akipita humo humo, huo ni ulinzi. Akijiwekea njia yake pana pembeni, hiyo ni dharau iliyovaa sare ya ulinzi.

Rafiki yangu mmoja ananipinga. Anasema kuinama wote si kuinama sawa. Kijana anapita kama panya, lakini mjamzito je? Mzee mwenye mgongo? Anayetembelea magongo? Kweli kabisa, na sina pa kukimbilia. Kugawana mzigo hakufanyi mabega yote yawe sawa. Ila naona tofauti moja. Anayeinama kila siku anaujua mlango wake kwa mgongo wake. Siku mama yake akishindwa kupita, atachukua nyundo. Anayekaa wima garini ataijulia wapi habari hiyo?

Na sisi tunaoandika tusijifanye hatuhusiki. Leo tunabisha hodi. Kesho mmoja wetu atakuwa mhariri, naye ataweka mlango. Akitaka kuuweka mwembamba, auweke. Ila na makala zake mwenyewe zipitie humo humo.