Ujira wa Mwandishi

Mshahara haupimwi kwa hesabu ya fedha, bali kwa chakula unachoweza kununua. Nchini Uingereza, mwaka 2012 mshahara wa kati wa mwandishi wa habari ulikuwa pauni 27,500 kwa mwaka. Mwaka 2018 ulikuwa uleule, nazo bei za vitu zimekwisha panda kwa sehemu moja ya kumi hivi.

Kwetu Tanzania, waandishi wengi hulipwa kwa kila habari, bila mkataba. Hapo ndipo iingiapo bahasha ya mwenye kualika. Twamlaumu aipokeaye, na ni haki. Lakini je, hana hatia amtumaye kazini pasipo ujira wa kutosha? Nasi tutakao ukweli bila kununua gazeti, tujihoji.